Kuishi na saratani ya tezi dume Kanda ya Ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kwenye mabenchi ya kliniki Mwanza, kwa mzee aliyetoka Ukerewe alfajiri na kwa kijana aliyemsindikiza baba yake kutoka Magu. Tumewajibu mgonjwa, mke wake na watoto. Dozi tunazotaja ni zile za kawaida kwa watu wazima. Dozi yako ni ile iliyoandikwa kwenye kadi yako.

PSA yangu imepanda. Ndiyo saratani tayari?

Bado. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, iwe nzima au mgonjwa, na hupimwa kwenye damu. Maabara nyingi huanza kutilia shaka kuanzia 4, lakini kipimo hupanda pia kwa tezi iliyokua kwa ajili ya umri, kwa maambukizi ya njia ya mkojo, kwa kuwekewa mpira wa mkojo, na hata kwa kumwaga mbegu siku moja iliyotangulia. Kwa hiyo kabla ya kupima kaa siku 2 bila tendo la ndoa na bila safari ndefu ya baiskeli. Kama umetoka kutibiwa maambukizi ya mkojo, subiri kama wiki 6. Ukirudia, rudia kwenye maabara ileile, maana mashine hutofautiana na utajikuta unalia au unashangilia tofauti ya mashine tu.

Kinachothibitisha saratani ni kipimo cha kinyama (biopsi). Daktari hupitisha sindano nyembamba, mara nyingi kupitia njia ya haja kubwa, na kuchukua vipande kama 12. Utapewa antibayotiki. Damu kidogo kwenye mkojo kwa siku chache ni kawaida, na shahawa zinaweza kuwa na rangi ya damu kwa wiki kadhaa. Homa ya nyuzi 38 au zaidi baada ya kipimo hiki si ya kulala nayo: rudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu vijidudu vya utumbo vinaweza kuwa vimeingia kwenye damu.

Usitoke pale bila kujua majibu yatatoka lini na nani atayafuata. Kuna majibu yanayokaa maabara miezi kwa sababu tu mgonjwa alidhani atapigiwa simu.

Kwenye karatasi ya majibu imeandikwa "Gleason 4+3". Maana yake nini?

Ni ukali wa seli zilivyoonekana kwenye darubini. Jumla huanzia 6 hadi 10. Sita ni ya polepole, na wengine wenye 6 hufuatiliwa tu kwa vipimo bila kuanza tiba. Nane hadi 10 ni kali. Saba iko katikati, na hapo mpangilio una uzito: 3+4 ni nafuu kuliko 4+3, kwa sababu namba ya kwanza ndiyo aina iliyotawala. Toa nakala ya karatasi hiyo, uiweke nyumbani pamoja na hati zako za maana. Kila daktari mpya ataiulizia.

Nakojoa damu, lakini huku kwetu kichocho ni jambo la kawaida.

Ndiyo sababu wengi huchelewa. Kichocho cha njia ya mkojo kipo sana kwenye mabwawa, malambo na majaruba ya mpunga ya Usukumani. Kile kinachopatikana zaidi ufukweni mwa ziwa ni cha utumbo, na damu yake hutokea kwenye choo kikubwa. Ukimeza dawa za kichocho na mkojo bado una damu, au una miaka zaidi ya 40 na mkojo unakatikakatika, usirudie dawa zilezile mara ya tatu. Pimwa mkojo, piga ultrasound ya kibofu na tezi, pima PSA.

Nimeambiwa imeshafika kwenye mifupa. Kuna haja ya kutibiwa tena?

Ipo, tena kubwa. Saratani hii hulishwa na testosteroni, homoni inayotengenezwa zaidi kwenye korodani. Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba ukiikata homoni hiyo, ugonjwa ulioenea hurudi nyuma. Mwaka 1966 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, na hadi leo ndiyo msingi wa tiba. Hauondoi ugonjwa wote ukishafika mifupani, lakini mtu aliyekuwa haamki kitandani kwa maumivu huweza kutembea tena ndani ya wiki chache, na wengi huishi miaka.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni sindano, mfano goserelini, inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo: ya miligramu 3.6 kila siku 28, au ya 10.8 kila wiki 12. Ndani yake kuna kipande kidogo mfano wa punje ya mchele kinachoyeyuka polepole, na ndiyo maana sindano yenyewe ni nene. Wiki za mwanzo homoni hupanda kwanza kabla ya kushuka. Kwa mtu mwenye ugonjwa kwenye uti wa mgongo huko kupanda ni hatari, kwa hiyo hupewa vidonge vya kuzuia, kama bikalutamidi, kwanza. Ukipewa vidonge hivyo usiviruke kwa kudhani sindano inatosha.

Ya pili ni upasuaji mdogo wa kuondoa korodani. Hufanyika kwa ganzi, homoni hushuka ndani ya siku moja, na unalipiwa mara moja tu. Mfuko unabaki, na nguo zikivaliwa hakuna anayejua. Tunasema wazi tunavyoona: kwa mvuvi wa kisiwani ambaye hana uhakika wa nauli kila siku 28, upasuaji ni chaguo la heshima. Sindano iliyochelewa wiki tatu kila mara ni tiba nusu, na ugonjwa hautakusubiri. Zungumza na mkeo kabla ya kusaini. Mambo ya kiwiliwili ni yenu wote wawili.

Nimeongezewa abiraterone. Nile saa ngapi?

Ni vidonge vya kuzuia mwili kutengeneza testosteroni. Dozi ya kawaida ni miligramu 1,000 kwa siku, yaani vidonge 4 vya 250 kwa mkupuo, tumbo likiwa tupu: saa 2 zipite tangu ulipokula, kisha usile tena kwa saa 1. Mpangilio unaowafaa wengi ni kuviweka karibu na kitanda, kuvimeza saa kumi na moja alfajiri kwa maji, kisha chai na kiporo saa kumi na mbili na nusu. Ukivila pamoja na ugali, dawa huingia kwenye damu kupita kiasi kwa mbali sana, na madhara nayo huongezeka.

Huambatana na predinisoloni ya miligramu 5, ambayo yenyewe huliwa na chakula. Ile usiikate ghafla hata dawa zikikuishia ukiwa safarini. Mwili unaweza kuishiwa nguvu na presha ikaanguka. Beba akiba ya siku 5. Presha, potasiamu na ini vipimwe mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo. Miguu ikivimba au moyo ukienda mbio, sema.

Wakati wa Ramadhani, wanaoruhusiwa na daktari kufunga humeza abiraterone usiku, saa 2 au zaidi baada ya futari na angalau saa 1 kabla ya daku.

Napata joto la ghafla, nimenenepa kiunoni na hamu ya ndoa imekwisha. Ni mimi tu?

Si wewe tu. Ni homoni kushuka. Joto huja kama wimbi usoni na kifuani, jasho likatoka, kisha baridi. Nguo za pamba, maji ya baridi kando ya kitanda na kupunguza pombe na chai ya moto jioni husaidia. Kiuno hunenepa, sukari huweza kupanda na mifupa hupungua uimara. Tembea haraka dakika 30 siku nyingi za wiki, na mara mbili au tatu kwa wiki beba kitu chenye uzito: dumu la lita 5 kila mkono, inuka na kukaa kwenye kiti mara 10, pumzika, rudia. Mwenye saratani mgongoni aulize kwanza uzito gani anaruhusiwa.

Chakula kiko hapahapa. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao wana kalsiamu nyingi, na mtindi pia. Sato wa kuchemsha ni bora kuliko wa kuzama kwenye mafuta. Michembe ya karanga ni tamu, lakini bakuli lijae mara moja kwa siku, si tatu.

Hamu ya tendo ikipotea, dawa za nguvu za kiume haziirudishi. Zinasaidia damu kufika, si tamaa. Na anayetumia dawa za naitreti kwa ajili ya maumivu ya kifua asimeze kabisa hizo za nguvu za kiume, presha inaweza kushuka hadi kuua. Zile poda za mtaani zisizo na lebo huchanganywa dawa hizohizo bila kusema.

Nimewekewa mpira wa mkojo. Nautunzaje nyumbani?

Hapa ndipo wengi huumia bila sababu. Mfuko ukae chini ya kibofu siku zote, hata ukiwa kwenye daladala. Ukiuweka mapajani au begani, mkojo hurudi ndani na vijidudu vyake. Lakini usiguse sakafu. Usiku uning'inize kwenye ndoo safi kando ya kitanda. Ufunge mpira kwenye paja kwa plasta au kitambaa, ukiacha ulegevu kidogo, ili usivutwe ukigeuka.

Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuushika. Osha pale mpira unapoingilia mara mbili kwa siku kwa sabuni na maji safi, ukifuta kutoka mwilini kwenda nje. Asiyetahiriwa avute ngozi nyuma, aoshe, kisha airudishe mbele palepale. Ikiachwa nyuma huvimba na kukaba. Maji ya ziwani yasiyochemshwa yasitumike. Mwaga mfuko ukifika theluthi mbili. Kunywa maji kama lita 2 kwa siku, isipokuwa daktari wa moyo au figo amekuzuia.

Mkojo usipotoka kwa saa 3 au 4 na tumbo la chini linajaa, angalia kwanza kama mpira umejikunja au umeukalia. Kama sivyo, umeziba: nenda kituo cha afya, usivute wala kusukuma maji mwenyewe. Mkojo kuvuja pembeni ya mpira mara nyingi ni kibofu kinachokaza au kuziba kunakoanza, au choo kigumu kinachobana. Mpira mwembamba si lazima uwe ndiyo sababu, kwa hiyo usidai mnene zaidi. Mpira wa lateksi hubadilishwa karibu kila wiki 4, wa silikoni unaweza kufika wiki 12. Andika tarehe kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, maana mpira uliosahaulika huota mawe na kugoma kutoka.

Nimefanyiwa upasuaji wa tezi, sasa mkojo unanitoka nikikohoa.

Hutokea kwa wengi na kwa wengi hupungua ndani ya miezi 3 hadi 12. Mpira ukishatolewa, anza zoezi: kaza ile misuli unayoitumia kuzuia upepo usitoke, hesabu hadi 5 au 10, legeza kwa muda huohuo, mara 10. Fanya asubuhi, mchana na usiku. Tumbo na makalio yatulie. Ukibana pumzi umekosea. Kabla ya kukohoa au kunyanyua ndoo, kaza kwanza. Pedi za watu wazima ni ghali, na kitambaa cha pamba kilichokunjwa ndani ya chupi inayobana hufanya kazi ileile kikifuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani.

Je, mke wangu anaweza kuambukizwa?

Hapana. Haiambukizi kwa tendo la ndoa, kwa chombo wala kwa kulala kitanda kimoja. Haitokani na umalaya wala mkono wa mtu. Aliye kwenye kemo (dawa kali za kuua seli za saratani) ndiye atumie kondomu kwa siku ambazo daktari atamwambia, kwa sababu ya dawa iliyomo mwilini.

Dawa za asili je?

Hatumzuii mtu imani yake. Tunaomba mambo mawili: usiache sindano ili ujaribu mizizi, na mwonyeshe daktari unachokunywa, hata kwa kukileta ndani ya chupa. Abiraterone na kemo hupita kwenye ini. Mizizi mingine pia. Ini likichoka, tiba husimamishwa, na hakuna atakayejua sababu kama umeficha.

Dalili gani hazisubiri kliniki ya mwezi ujao?

Miguu kulegea au kufa ganzi, maumivu mapya makali ya mgongo yanayozidi ukilala, kushindwa kukojoa au choo kutoka bila kujijua. Hiyo inaweza kuwa saratani inayobana uti wa mgongo. Kinachohesabika hapo ni saa: anayefika bado anatembea kwa kawaida huendelea kutembea, aliyekwisha kupooza siku kadhaa mara nyingi harudi. Asichuliwe mgongo, asipelekwe kwa fundi viungo. Laza mgonjwa chali kwenye gari, si kwenye bodaboda, mpeleke hospitali kubwa, na useme mlangoni "ana saratani ya tezi dume na miguu imelegea". Nyingine ni homa ya 38 kwa aliye kwenye kemo, na mkojo kuziba kabisa.

Mofini si dawa ya mtu anayekufa?

Ni dawa ya maumivu. Ya maji huliwa kila saa 4 kwa saa ya ukutani, bila kusubiri maumivu yarudi, na dozi ya kulala mara nyingi huwa kubwa zaidi ili usiku upite. Choo hufunga karibu kwa kila mtu, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha siku ileile, pamoja na papai na maji. Ifungie kabatini mbali na watoto.

Nitampata wapi mgonjwa mwenzangu wa kuongea naye?

Anza kliniki. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando ina idara ya saratani inayopokea watu wa Mwanza, Geita, Mara, Kagera, Simiyu na Shinyanga, kwa hiyo kwenye benchi lile karibu kila mtu yuko njia moja na wewe. Mwambie nesi: "Sista, naomba kuongea na mzee anayechoma sindano kama yangu, akikubali." Nesi amuulize mwenzako kwanza. Namba ya simu ya mgonjwa haitolewi bila ridhaa yake.

Tafuta mtu wa tiba inayofanana na yako. Aliye na Gleason 6 anayefuatiliwa tu, akikalishwa na aliye kwenye kemo ya sita, atarudi nyumbani na hofu isiyo yake. Na PSA msishindane nazo: 20 ya mmoja na 20 ya mwingine si kitu kimoja.

Mkifika watu watano au sita, tayari ni kikundi. Zaidi ya 12, wanyonge hunyamaza. Kutaneni siku ya kliniki, saa saba mchana baada ya kumwona daktari, ili mtu wa Sengerema au Nansio asilipe nauli mara mbili. Chagueni mahali penye choo karibu na viti vyenye egemeo. Hayo mawili yanasahaulika, na ndiyo yanayowafanya wazee wasirudi. Saa moja na nusu inatosha. Kila mmoja aseme jina, tiba aliyopo na swali moja. Mzee wa Kisukuma asiyependa kujieleza kwa Kiswahili aachwe aongee Kisukuma, mwingine atatafsiri. Mambo ya chumbani husemwa vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani.

Kanuni ziwe chache na zisomwe kila mara: ya hapa yabaki hapa, hakuna kuuza dawa wala virutubisho, hakuna kumwambia mwenzako aache tiba. Anayesema "mimi nilipona kwa majani" asikilizwe kwa adabu, kisha aulizwe PSA yake ya mwisho ilikuwa ya lini.

Fedha ndizo huvunja vikundi. Mwaka wa kwanza msikopeshane. Changeni kidogo kwa nauli ya asiye nayo, weka daftari wazi na watu wawili wa kushuhudia kila shilingi. Mkitaka kufungua akaunti au kuomba msaada, andikeni katiba fupi na muhtasari wa kikao, mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri kusajiliwa.

Kazi bora ya kikundi ni ndogo: kila mtu awe na mmoja wa kumpigia siku moja kabla ya sindano. "Mzee, kesho ni siku yako. Nauli ipo?"

Wake zetu nao?

Wakae peke yao angalau mara moja kila miezi michache. Wanaobadilisha mashuka saa tisa usiku wana maswali ambayo hawatayauliza mbele ya waume zao.

Gharama na safari nazipangaje?

Leta barua ya rufaa, kitambulisho, kadi ya bima na nakala za vipimo vyote. Sera ya nchi inawapa msamaha wa matibabu wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Anzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa upate barua, kisha ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kabla ya bili na si baada yake. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wa Sengerema na Geita hawasubiri tena kivuko pale. Wa Ukerewe aangalie ratiba ya meli kabla ya kupanga miadi, alale mjini usiku wa kuamkia. Mionzi huenda siku 5 kwa wiki kwa wiki kadhaa, kwa hiyo tafuta ndugu wa kufikia mapema na uulize kwa simu kama mashine iko kwenye matengenezo.

Watoto wangu wa kiume wapime?

Mwenye baba au kaka mwenye ugonjwa huu ana hatari kama mara mbili ya wengine. Waanze kuzungumza na daktari kuhusu PSA wakiwa na miaka 40 hadi 45, mapema zaidi kama ndugu wawili wameugua au aliugua kijana.

Mwenzetu mmoja akifariki, tufanye nini na kikao?

Kifanyike. Msibani wendeni kwa idhini ya familia, na msitaje ugonjwa kama wao hawajautaja. Kikao kinachofuata kianze kwa jina lake, kila anayetaka aseme, na muda wa kutosha utolewe kabla ya maswali ya dawa. Mgeni aliyekuja siku hiyo kwa mara ya kwanza aketi karibu na mtu aliyeishi na ugonjwa muda mrefu kuliko wote, na mtu huyo ampigie jioni ileile.